HAKI YA KUZUIA MALI KWA AJILI YA DENI: Uhakiki wa Majalla kuhusu Fundi na Muuza Vifaa vya Ujenzi

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Miongoni mwa madeni yanayovunja udugu baina ya Waislamu ni deni la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka hutoa saruji, nondo na mabati kwa mkopo, mkandarasi huvipeleka kiwanjani, nyumba ikasimama na watu wakahamia, naye mwenye duka akabaki na daftari lake. Mtu kama huyu akija kuuliza: "Je, sharia inanipa haki gani juu ya nyumba ile?" wako wanaomjibu kwa haraka kwamba Uislamu ulikwisha kumpa haki ya kuizuia nyumba hiyo kabla Wamarekani hawajatunga sheria yao inayompa fundi na muuza vifaa dai juu ya jengo. Dalili wanayoitoa ni kifungu cha 482 cha Majallatul-Ahkam al-Adliyya.

Makala hii inakihakiki kifungu hicho pamoja na vinavyohusiana naye muuzaji, ili tujue kitabu kimesema nini na kimenyamaza wapi. Jawabu la haraka limemdhuru muuzaji huyu. Analala akidhani ana haki juu ya jengo, kumbe haki hiyo hakuiweka, wala hakuna aliyemuwekea.

MAJALLA NI KITABU GANI?

Majalla ni mkusanyo wa hukumu za muamalati kwa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, uliotayarishwa na jopo la wanavyuoni wa dola ya Uthmaniya chini ya Ahmad Jawdat Pasha kati ya mwaka 1869 na 1876. Una vifungu 1,851 katika vitabu 16, na wa kwanza ni Kitabu cha Mauzo, ukifuatiwa na Ijara, Kafala, Hawala na Rahani. Uturuki iliuacha mwaka 1926, na nchi za Kiarabu zilizoutumia nazo zikatunga kanuni zake moja baada ya nyingine. Hata hivyo wanafunzi wa sharia bado wanausoma, na wanastahiki kuusoma, kwani lugha yake ni fupi na mpangilio wake humsaidia kadhi.

Lakini ufupi una gharama yake. Majalla hutaja hukumu, mara nyingi bila kutaja sababu iliyoizaa wala khitilafu iliyokuwepo. Anayekisoma kifungu kimoja peke yake huipanua hukumu mahali isipofika.

KIFUNGU CHA 482 NA 483

Kifungu cha 482 kinasema kwa maana yake kwamba fundi ambaye kazi yake inaacha athari katika kitu, kama mshoni, mtia rangi na dobi, ana haki ya kukizuia kitu hicho mpaka alipwe ujira, maadamu haikushurutishwa kuwa malipo yatakuja baadaye. Kikiharibika mkononi mwake wakati amekizuia, hatalipa fidia, lakini ujira nao anaukosa. Kifungu cha 483 kinamtoa katika haki hiyo yule ambaye kazi yake haiachi athari, kama hamali na baharia. Huyo akizuia mzigo ukapotea, anabeba dhamana.

Msomaji wa haraka hufanya kiasi hivi: mwashi naye kazi yake inaacha athari, tena athari kubwa kuliko ya mshoni, basi naye ana haki ya kuizuia nyumba. Kisha huongeza: na aliyetoa saruji ni hivyo hivyo. Kiasi hiki kina kasoro, na kasoro yenyewe haionekani ndani ya Majalla. Inaonekana katika vitabu ambavyo Majalla imechota kwavyo.

Al-Marghinani (aliyefariki mwaka 593 Hijria) ameitaja sababu katika Al-Hidaya. Kinachouzwa na fundi ni ile sifa iliyosimama ndani ya nguo, kwa hiyo anaishikilia nguo kama muuzaji anavyoshikilia bidhaa mpaka apate thamani. Kisha akaitaja rai ya Imam Zufar, mwanafunzi wa Abu Hanifa, ambaye amempinga mwalimu wake hapa. Zufar anasema fundi hana haki ya kuzuia hata kidogo, kwa sababu rangi inapoungana na nguo ya mwenyewe, makabidhiano yamekwisha kutimia. Wahanafi wakamjibu kuwa muungano huo ni dharura ya kazi. Fundi hakuridhia kuwa ndiyo makabidhiano, na nguo ingali dukani kwake.

Maneno haya mawili ya mwisho ndiyo ufunguo wa suala zima: nguo ingali dukani kwake. Haki ya kuzuia imesimama juu ya nguzo mbili, athari na mkono. Mshoni anazo zote mbili. Je, mwashi anayo ya pili?

HUKUMU YA MWASHI

Imam Al-Kasani (aliyefariki mwaka 587 Hijria) amejibu swali hili katika Badai us-Sanai, wala hakuacha utata. Mtu akimuajiri mwashi amjengee ndani ya milki yake, au akamuajiri mchimba kisima ndani ya kiwanja chake, basi kila sehemu ya kazi inapokamilika inakuwa imeshaingia mkononi mwa mwenye kiwanja. Imekwisha kabidhiwa. Kutokana na hapo yanapatikana mambo mawili:

Kwanza, mwashi hana cha kuzuia, kwa kuwa jengo halikupata kuwa mkononi mwake hata saa moja.

Pili, mwashi anastahiki ujira wa kila sehemu aliyoimaliza, na ana haki ya kuudai kabla ya kuendelea na nyingine. Hata ukuta ukianguka baadaye, ujira wa alichokijenga haudondoki, kwani kiliharibika kikiwa mkononi mwa mwenyewe.

Tazama, ewe msomaji, uadilifu wa fiqhi ulivyo. Mshoni amepewa zuio kwa kuwa ujira wake hulipwa mwisho. Mwashi hana zuio, lakini amepewa kudai hatua kwa hatua: msingi na malipo yake, kuta na malipo yake, paa na malipo yake. Mwashi anayekubali kungoja mpaka funguo zikabidhiwe ameiacha silaha ambayo fiqhi ilimpa, kisha anatafuta ambayo haikumpa.

Hapa ndipo tunapoilaumu Majalla. Imemtaja mshoni, mtia rangi, dobi, hamali na baharia katika mlango wa kuzuia, ikamwacha mwashi, ilhali hukumu yake ilikuwa wazi katika vitabu vya madhehebu yenyewe. Sentensi moja ya Al-Kasani ingeliwekwa baada ya kifungu cha 483, kosa hili lisingepata njia.

HUKUMU YA MUUZA VIFAA

Muuza saruji si ajiri, ni muuzaji. Basi hukumu yake inatafutwa katika Kitabu cha Mauzo. Kifungu cha 278 kinampa muuzaji wa nakidi haki ya kuzuia bidhaa mpaka alipwe thamani yote. Kifungu cha 281 kinasema akiikabidhi kabla ya kulipwa, ameiangusha haki hiyo. Na kifungu cha 283 kinasema katika mauzo ya mkopo hana haki ya kuzuia tangu mwanzo. Mwenye duka anayepakia mifuko mia moja kwenye gari la mkandarasi kwa ahadi ya mwezi ujao anakabiliwa na vifungu vyote viwili hivi vya mwisho kwa pamoja.

Je, mnunuzi akifilisika? Kifungu cha 295 kinasema mnunuzi akishapokea bidhaa kisha akafa muflisi kabla ya kulipa, muuzaji hawezi kuirudisha, bali atakuwa sawa na wadai wengine. Katika aliyekufa, Imam Malik na Imam Ahmad nao wanaona hivyo, na Imam Shafi anakhalifu. Ama aliye hai, Wahanafi wameendelea na hukumu hiyo hiyo, na maimamu watatu wamewakhalifu kwa hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kuwa anayeikuta mali yake yenyewe kwa aliyefilisika ana haki nayo zaidi kuliko wengine. Majalla haikuigusa khitilafu hii, na sisi wa pwani hii tulio wengi wetu Mashafi hatuwezi kuipita.

Lakini asifurahi muuza saruji mapema. Imam An-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj ameweka masharti ya kurejea, na moja ni kwamba kilichouzwa kiwe bado kimo katika milki ya mnunuzi. Tuchukue mfano. Zaid amemuuzia saruji Amri, ambaye ni mkandarasi, naye Amri akaitia katika nyumba ya Bakari. Saruji imekwisha toka katika milki ya Amri. Amri akifilisika, Zaid hana mali ya kuikuta kwake. Hadithi ni sahihi na madhehebu ni yetu, lakini sharti limekosekana.

Na kama Bakari mwenyewe ndiye aliyenunua kwa Zaid kisha akafilisika? Hapa Minhaj ina suala lililo karibu mno na letu. Mtu amenunua nguo kwa mmoja na rangi kwa mwengine, akaitia nguo rangi, kisha akafilisika. An-Nawawi anaangalia thamani. Ikiwa nguo baada ya kutiwa rangi haizidi thamani yake ya kwanza, mwenye rangi anahesabiwa amekosa mali yake. Ikizidi kwa kadiri ya rangi, wawili hao wanakuwa washirika. Kwa kuitazama saruji kwa jicho hili, anayestahiki kusemewa ni yule tu ambaye vifaa vyake vimeongeza thamani ya nyumba, na kwa kadiri ya ongezeko hilo. Hiki ni kiasi, nacho kina upinzani: Ibn Qudama katika Al-Mughni anaona kuwa ngano ikishasagwa, uzi ukishafumwa au mbao zikishageuzwa milango, haki ya kurejea imeanguka, kwa sababu jina na sura vimebadilika. Saruji iliyokwisha kuwa ukuta iko karibu na unga kuliko ngano.

Natija ni kuwa kwa madhehebu yoyote kati ya haya, Zaid aliyemuuzia mkandarasi hana dai juu ya nyumba ya Bakari. Anamdai Amri, na Amri tu.

SHERIA ZA WENGINE KATIKA MIZANI

Sheria ya Marekani inayotajwa sana katika suala hili ilianza Maryland mwaka 1791, wakati mji mkuu wa Washington ulipokuwa unajengwa na mafundi wakihitajika. Leo inapatikana katika majimbo yote kwa sura mbalimbali. Asili yake ni kwamba fundi na muuza vifaa, hata kama hakufanya mkataba na mwenye nyumba, anaweza kusajili dai juu ya kiwanja na jengo, na asipolipwa jengo likauzwa. Jimbo la New York limeweka mpaka: mwenye nyumba habebeshwi zaidi ya alichokuwa bado anadaiwa na mkandarasi. Majimbo mengine hayakuweka mpaka huo, na huko mwenye nyumba aliyekwisha kumlipa mkandarasi wake anaweza kulipa mara ya pili.

Misri nayo, katika kanuni yake ya madani ya mwaka 1948, imetoa haki mbili, na katika hili imeathirika na sheria za Kifaransa. Kifungu cha 662 kinawaruhusu wakandarasi wadogo na wafanyakazi kumdai mwenye kazi moja kwa moja, kwa kiasi kisichozidi anachodaiwa na mkandarasi mkuu siku ya kufungua dai. Kifungu cha 1148 kinawapa wakandarasi na wasanifu wa majengo haki ya kutangulizwa katika thamani ya jengo, kwa kadiri tu kazi yao ilivyoiongeza thamani hiyo, na kwa sharti la kusajili. Muuza vifaa hakutajwa katika viwili hivi. Anayelijua suala la nguo na rangi atauona ukaribu wa kifungu cha 1148 na maneno ya An-Nawawi, ingawa njia zilizowafikisha ni mbili tofauti.

Tukizipima kwa fiqhi, tatizo ni moja: kumlipisha Bakari deni la Amri baada ya Bakari kutimiza wajibu wake. Qur'an imekariri mara nyingi kuwa hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine, na imekataza mali za watu kuliwa kwa batili. Anayeitetea sheria hiyo atasema mwenye nyumba hupewa taarifa, kama ilivyo California ambako muuza vifaa asiye na mkataba na mwenye nyumba hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 20 tangu aanze kupeleka bidhaa, na hivyo huweza kujikinga kabla ya kumlipa mkandarasi. Hoja hii ina uzito. Atasema pia kuwa Sayyidna Ali (R.A.) amepokewa kuwa aliwadhaminisha mafundi kwa maslaha ya watu. Tunasema ni kweli, lakini fundi aliyedhaminishwa ndiye aliyekuwa na mali ya watu mkononi mwake. Dhamana ilimfuata mwenye mkono. Bakari hakupokea kwa Zaid chochote, amepokea kwa Amri na akalipa.

Ama mpaka uliowekwa na New York na kifungu cha 662 cha Misri, huo hauna dhulma juu ya mwenye nyumba. Deni lililobaki analidaiwa kwa hali yoyote, na kulielekeza kwa aliyetoa jasho au mali kunafanana na hawala. Mtawala akiliamrisha hilo kwa maslaha, hatuoni la kumpinga.

NJIA ILIYOSAHAULIWA: KUAZIMA RAHANI

Basi je, fiqhi imemwacha muuza vifaa mikono mitupu? La. Imemfungulia mlango, ila ni mlango wa mkataba, na unafunguliwa kabla ya saruji kupakiwa.

Minhaj inasema inajuzu mtu kuazima kitu cha mwenziwe akakiweke rahani kwa deni lake. Na kauli iliyo dhahiri zaidi ni kuwa jambo hilo ni dhamana ya deni iliyofungamana na shingo ya kitu chenyewe. Zingatia ibara hii: deni la mtu mmoja limefungamana na mali ya mwengine kwa ridhaa yake, wala halimfuati katika mali zake nyingine. Hilo ndilo dai juu ya jengo ambalo wenzetu wanalitafuta katika kifungu cha 482. Majalla yenyewe inalo katika Kitabu cha Rahani, kuanzia kifungu cha 726, kwa jina la rahani ya kuazima. Lakini limewekwa mbali na mlango wa fundi na mlango wa muuzaji, bila neno la kuviunganisha.

Anayetaka kulitumia azingatie haya:

1. Bakari, mwenye kiwanja, atoe idhini yake waziwazi, na itajwe jinsi ya deni, kiasi chake na sifa yake, pamoja na jina la anayewekewa rahani.

2. Kwa Mashafi rahani haisihi kwa deni ambalo bado halijakuwepo. Basi iwekwe pamoja na kila mauzo, shehena kwa shehena, isiwekwe moja kwa kila kitakachochukuliwa mwaka mzima.

3. Akipendelea dhamana ya mtu kuliko rahani, ajue kuwa kauli mpya ya Imam Shafi haisahihishi kudhamini deni litakalokuja, na kauli ya zamani inasahihisha. Wahanafi wana wasaa zaidi katika hili.

4. Yote yaandikwe na yashuhudiwe, kama ilivyoamrishwa katika aya ya deni ndani ya Suratul-Baqara. Kenya, kwa mfano, Katiba ya mwaka 2010 imewaachia makadhi mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi. Deni la saruji litakwenda mahakama nyingine, na huko karatasi ndiyo itakayosema.

NENO KWA MAIMAMU NA KAMATI ZA MISIKITI

Suala hili linatugusa sisi kabla ya wengine. Misikiti mingi na madrasa hujengwa kwa saruji ya mkopo, kwa kutegemea michango ya Ijumaa. Msikiti ukishakuwa wakfu hauuzwi, na kisichouzwa hakiwekwi rahani. Kwa hiyo muuza vifaa aliyeupa msikiti mkopo ndiye dhaifu zaidi kuliko wote: hana zuio, hana rahani, na akidai kwa sauti huambiwa anaipinga nyumba ya Mwenyezi Mungu.

An-Nawawi katika Rawdha ameandika kuwa msimamizi wa wakfu hakopi kwa ajili ya wakfu ila kwa idhini ya imamu, yaani mtawala. Wanavyuoni hawakuweka sharti hili bure. Wamarekani nao walikutana na tatizo la namna hii katika majengo ya serikali, ambayo hayawezi kushikwa kwa deni, na mwaka 1935 wakatunga sheria ya kumlazimisha mkandarasi alete mdhamini wa kuwalipa wafanyakazi na wauza vifaa. Jengo lisiloshikika linahitaji mtu anayeshikika. Kamati inayotaka kukopa imtoe kwanza mtu mwenye mali, akubali kwa jina lake na kwa maandishi kuwa michango isipotosha atalipa yeye. Asipopatikana, ijenge kwa kadiri ya kilichomo mkononi. Kuta zisizoezekwa hazina aibu. Aibu ni paa ambalo mabati yake yana mwenyewe analia.

KHITIMISHO

Majalla ni kitabu chenye manufaa, na aliyekiandaa alistahiki shukrani. Kosa letu ni kukisoma kifungu kimoja bila ya kuvitazama vya mbele na nyuma yake, na bila ya kurudi kwa Al-Hidaya, Badai na Minhaj. Kwa muhtasari, mshoni ana zuio kwa sababu nguo i mkononi mwake. Mwashi hana zuio, ana haki ya kulipwa hatua kwa hatua. Muuza vifaa ana zuio mpaka gari linapoondoka; baada ya hapo hana juu ya jengo ila kile alichokiandika na mwenye jengo akakiridhia. Anayemwambia zaidi ya hayo amempa tumaini lisilokuwa na mwenye kulitimiza.

Haya yote hayampunguzii mdaiwa dhambi yake. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenye uwezo anayechelewesha deni amedhulumu, na kwamba miongoni mwa watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemtumikisha mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira. Mahakama ikikosa cha kushika hapa duniani, huko hakuna kinachoponyoka.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuwezeshe kulipa tunayodaiwa kabla hatujadaiwa mbele Yake, na awarejeshee wenye haki haki zao. Amin.

Wallahu a'lam.